Mbinga: Mji wa Kahawa Kati ya Milima ya Umatengo na Ufukwe wa Ziwa Nyasa

Mbinga ni mji mdogo ulioko Kusini Magharibi mwa Tanzania, katika Mkoa wa Ruvuma, takribani kilomita 100 kutoka Songea yalipo makao makuu ya mkoa, na kilomita 66 kutoka Mbamba Bay katika ufukwe wa Ziwa Nyasa. Ni makao ya Wilaya ya Mbinga na pia ya Halmashauri ya Mji wa Mbinga. Umezungukwa na milima ya Umatengo, ambayo baadhi ya vilele vyake hukaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa muda wa karibu karne moja maisha yake yamefuata msimu wa zao moja kubwa, yaani kahawa aina ya Arabika.

Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza kati ya Juni na Agosti hushangazwa na baridi. Asubuhi ukungu hulala mabondeni hadi jua linapopanda, na watu hutembea wamejifunika makoti mazito kana kwamba wako Makete au Lushoto. Saa moja na nusu baadaye, akiteremka kwa gari hadi ziwani, mgeni huyo huyo hulivua koti lake, kwa sababu ufukwe wa Nyasa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari na joto lake ni la minazi, mihogo na mitumbwi. Tofauti hiyo ya kimo ndani ya mwendo mfupi ndiyo inayoeleza mambo mengi kuhusu Mbinga: chakula chake, biashara yake na hata mgawanyo wake wa kiutawala.

Eneo na utawala

Hadi mwaka 2012, Wilaya ya Mbinga ilijumuisha milima na ufukwe kwa pamoja. Sensa ya mwaka 2002 iliihesabu ikiwa na wakazi 404,799. Mwaka 2012 Serikali iliigawa na kuanzisha Wilaya ya Nyasa, makao makuu yake yakiwa Mbamba Bay, na katika Sensa ya mwaka huo Mbinga ilihesabiwa ikiwa na wakazi 353,683 na Nyasa wakazi 146,160. Mkoa mzima wa Ruvuma ulikuwa na watu 1,376,891 katika Sensa hiyo, na Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ikaonyesha kuwa wamefikia 1,848,794.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuutenga mji na vijiji. Halmashauri ya Mji wa Mbinga ilianza ikiwa chombo kinachojitegemea, kando ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga, na katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2015 Mbinga Mjini ikawa jimbo la uchaguzi. Jina la "mji" lisimpoteze msomaji. Mipaka ya halmashauri hiyo inachukua kata zenye sura ya kijijini kabisa, kama vile Kitanda, Utiri, Mpepai na Mbangamao, ambako mashamba ya kahawa na mahindi yanashuka hadi kandokando ya vijito. Mji wenyewe, wenye stendi, soko, benki, ofisi za Serikali na maduka ya pembejeo, ni sehemu ndogo katikati ya kata hizo. Mtumishi wa umma anayehamishiwa Mbinga hugundua haraka kwamba majirani zake wengi wa mjini wana shamba, na kwamba Jumamosi ofisi nyingi huhamia huko.

Wenyeji wa milima ni Wamatengo. Wangoni wako upande wa mashariki kuelekea Songea, na ufukweni wanaishi Wanyasa, Wampoto na Wamanda. Majina ya koo kama Komba, Ndunguru, Kapinga, Kinunda, Hyera na Mbunda yamesambaa mno kiasi kwamba katika darasa moja la shule ya sekondari mwalimu anaweza kuita "Ndunguru" na wakasimama wanafunzi watano.

Dini ya Kikristo, hususan Kanisa Katoliki, imeacha alama kubwa katika elimu na afya. Wamisionari Wabenediktini waliofika kutoka Peramiho walijenga misheni katika maeneo ya Litembo na Kigonsera, na Hospitali ya Litembo bado inahudumia wananchi wa milimani. Seminari ya Kigonsera ilimpokea kijana Benjamin Mkapa, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Awamu ya Tatu. Jimbo Katoliki la Mbinga lilianzishwa mwaka 1986 kwa kugawa lile la Songea. Kanisa lake kuu, la Mtakatifu Kiliani, lina jina la msimamizi wa Jimbo la Würzburg nchini Ujerumani, ambalo lina uhusiano wa udugu na Mbinga. Ufukweni, Liuli na vijiji vinavyoizunguka vilipokea Uanglikana kupitia wamisionari wa UMCA waliokuwa na makao katika kisiwa cha Likoma.

Ngolo: teknolojia ya Wamatengo

Kabla ya kuizungumzia kahawa, inafaa kueleza jambo ambalo limewafikisha wataalamu wa kilimo Mbinga kutoka nchi za mbali. Wamatengo hulima kwenye miteremko mikali ambayo kwingineko ingeachwa kuwa msitu au ingebaki mawe matupu baada ya mvua za misimu michache. Wao wameilima kwa vizazi, na udongo bado upo. Siri yake ni ngolo.

Ngolo ni shamba la mashimo. Kazi huanza mvua zinapokaribia kwisha, mwezi wa Machi hivi, wakati nyasi na magugu yamekuwa marefu. Nyasi hukatwa, huachwa zikauke kidogo, kisha hupangwa chini kwa mistari inayokatana hadi shamba zima likaonekana kama nyavu iliyotandazwa mlimani, kila tundu likiwa na upana wa mita moja na nusu au zaidi kidogo. Baada ya hapo udongo wa katikati ya kila tundu huchimbwa kwa jembe na kutupwa juu ya nyasi. Kinachobaki ni shimo katikati na matuta pande zote nne, na ndani ya matuta hayo nyasi zinaoza taratibu na kuwa mbolea. Maharage hupandwa juu ya matuta na huvunwa katikati ya mwaka. Msimu wa mvua unaofuata matuta yale yale hupandwa mahindi, na magugu yanayopaliliwa hutupwa mashimoni.

Mvua inaponyesha, maji hayapati njia ya kuteremka kwa kasi. Kila shimo linapokea kiasi chake, linatuliza udongo uliochukuliwa na maji, na linayaacha maji yazame. Mzunguko wa miaka miwili unapokamilika, mashimo mapya huchimbwa mahali matuta ya zamani yalipokutana, na kwa hiyo udongo wa shamba zima hugeuzwa bila kupotea. Kwa desturi, wanaume hukata nyasi na kuzipanga, na wanawake huchimba na kufunika. Mgawanyo huo unaposemwa hivyo unasikika kuwa sawa, lakini aliyewahi kushika jembe kwenye mteremko wa Litembo anafahamu ni upande gani wenye kazi nzito zaidi.

Masimulizi ya wazee huihusisha ngolo na karne ya 19, wakati mashambulizi ya Wangoni yalipowasukuma Wamatengo kukimbilia sehemu za juu za milima, ikiwemo Litembo yenye mapango yaliyotumika kama maficho. Watu wengi walijikuta kwenye eneo dogo lenye mwinuko mkali, na hapakuwa na nafasi ya kuhamahama na mashamba. Ikawalazimu kubuni namna ya kulima mahali pamoja mwaka hadi mwaka.

Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kyoto na kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Kimataifa la Japani (JICA), kilifanya utafiti wa muda mrefu katika milima hii, na vijiji vya Kindimba na Kitanda vikawa maeneo ya majaribio. Watafiti hao walieleza pia mfumo wa ntambo, yaani ardhi ya ukoo inayoanzia kileleni mwa kilima na kushuka hadi mtoni, ambamo kila familia inapata sehemu ya msitu, ya ngolo, ya kahawa na ya bonde. Kutokana na kazi hiyo kilipatikana kinu cha kusaga kinachoendeshwa kwa nguvu ya maji huko Kindimba, na vikundi vya wananchi vya kufuga samaki, kufuga nyuki na kupanda miti.

Tanzania ina mifumo ya kilimo iliyokwisha kutambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) kuwa urithi wa dunia wa kilimo. Mwaka 2011 zilitambuliwa Kihamba cha Shimbwe Juu mkoani Kilimanjaro na ufugaji wa Wamasai wa Engaresero. Ngolo haikuwamo. Kwa maoni ya mwandishi, ipo hoja ya kutosha ya kuiombea nafasi hiyo, na muda wa kufanya hivyo ni sasa, kwa sababu ngolo inahitaji mikono mingi kwa wakati mmoja na vijana wengi wanapendelea matuta ya kawaida, bodaboda au kazi za mgodini. Shamba la ngolo likiachwa misimu kadhaa bila kuchimbwa upya, mashimo hujaa, na mteremko hurudi kuwa mteremko. Athari yake huonekana kwanza kwenye vyanzo vya maji vilivyo chini yake.

Kahawa

Kahawa iliingia Umatengo katika miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Waingereza. Mtemi Chrisostomus Makita ni miongoni mwa waliohimiza upandaji wake, na zao hilo likapata udongo na baridi linalolipenda. Aina za zamani, hasa N39, bado zinapatikana katika mashamba mengi. Tofauti na ngolo, kahawa hupandwa zaidi kwenye miteremko ya wastani karibu na nyumba, mara nyingi ikichanganywa na migomba.

Kwa miongo mingi mazao haya mawili yalitegemeana. Fedha za kahawa zilinunua mbolea, na sehemu ya mbolea hiyo ilikwenda kwenye mahindi. Mahindi na maharage ya ngolo yaliihakikishia familia chakula, hivyo mkulima hakulazimika kuuza kahawa kabla ya wakati wake. Mnyororo huo ulipokatika upande mmoja, upande wa pili uliyumba.

Ulikatika katika miaka ya 1990. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana viwango vya kuuza kahawa nje uliporomoka na bei zikashuka. Tanzania ikafungua biashara ya kahawa kwa wanunuzi binafsi kuanzia msimu wa 1994/95. Mwaka 1994 baridi kali iliharibu mashamba ya Brazili, bei ikapanda ghafla, na wanunuzi wakamiminika Mbinga wakiwa na fedha taslimu. Wakulima walijenga nyumba za matofali na kununua mabati. Lakini Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, MBICU, ambacho kilikuwa kikikopesha pembejeo na kukusanya mazao, hakikuhimili ushindani na madeni, kikaanguka. Bei ilipoporomoka tena kufikia mwaka 2001, mkulima wa Mbinga hakuwa na ushirika wa kumkopesha mbolea, na mbolea yenyewe ilikuwa imeondolewa ruzuku. Mikahawa mingi iliachwa bila kupuliziwa dawa, na ugonjwa wa chulebuni, unaooza matunda yakiwa mabichi, ukaenea pamoja na kutu ya majani.

Katika pengo hilo ndipo biashara ya magoma ilipostawi. Neno hili halimhitaji mtu wa Mbinga kamusi. Magoma ni mkopo unaotolewa wakati kahawa ingali changa mtini, kwa kawaida kati ya Januari na Aprili, miezi ambayo ada za shule zinadaiwa, mahindi ya ghalani yamepungua na mvua inaongeza magonjwa. Mkulima hupokea fedha, au wakati mwingine mfuko wa mbolea au gunia la mahindi, na huahidi kilo kadhaa za kahawa kavu wakati wa mavuno. Hesabu hufanywa kwa kilo, wala si kwa shilingi, na hapo ndipo penye mtego. Bei ya kahawa ikipanda, faida yote ni ya mkopeshaji. Ikishuka, mkopeshaji anakuwa amekwisha kujilinda kwa kukadiria kilo nyingi mno tangu mwanzo. Mkulima anayevuna kidogo kuliko alivyoahidi huanza msimu unaofuata akiwa na deni, na shamba lake linakuwa kama limepangishwa kwa mtu mwingine huku yeye akiendelea kulipalilia.

Sheria inakataza kununua kahawa ikiwa mtini, na viongozi wa mkoa na wilaya wamerudia katazo hilo kila msimu. Ukweli ni kwamba katazo pekee haliwezi kutosha, kwa kuwa magoma hujibu haja halisi ya fedha katika miezi ambayo hakuna chombo kingine kinachoijibu. Kwa sababu hiyo hatua iliyochukuliwa mwaka 2018, ya kuelekeza kwamba kahawa yote ya wakulima wadogo ikusanywe na kuuzwa kupitia Vyama vya Msingi vya Ushirika wa Mazao na Masoko (AMCOS), ilikuwa na maana kubwa kwa Mbinga. Kahawa inakusanywa katika chama cha kijiji, inapimwa, inapewa daraja na kupelekwa mnadani, na mkulima hulipwa kulingana na bei ya mnada baada ya makato yanayofahamika. Zamani mnada ulifanyika Moshi pekee, mbali mno kwa mkulima wa Ruvuma kufuatilia. Bodi ya Kahawa Tanzania baadaye ilisogeza minada katika kanda zinazozalisha, na hatua hiyo imewawezesha viongozi wa AMCOS kukaa chumba kimoja na wanunuzi na kusikia bei ikitajwa.

Mfumo huu una pande zake mbili, na si vyema kuzificha. Umeipa kahawa ya Mbinga bei inayojulikana hadharani na umepunguza wizi wa mizani. Hata hivyo mkulima husubiri malipo, na kadiri anavyosubiri ndivyo mwenye magoma anavyopata nafasi ya kubisha hodi. Chama chenye uongozi makini hutoa malipo ya awali na kukopesha pembejeo, na wanachama wake hawahitaji kuuza kahawa ya mtini. Chama chenye hesabu zisizoeleweka hupoteza kilo nyingi kupitia njia za panya usiku. Katika kata moja unaweza kukuta vyama viwili vya namna hizo mbili vikipakana, udongo na mvua vikiwa sawa, na hali za wanachama zikitofautiana sana.

Upande wa ubora, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), iliyoanzishwa mwaka 2001 ikiwa na makao makuu Lyamungu mkoani Kilimanjaro, ina kituo kidogo cha utafiti Ugano wilayani Mbinga. Kutoka hapo miche ya aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani husambazwa kwa vikundi vya wakulima. Mche mpya huchukua takribani miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, na mkulima mwenye nusu ekari huwaza mara mbili kabla ya kung'oa mkahawa wa babu yake. Wengi wamechagua kubadilisha kidogo kidogo, mstari mmoja kila mwaka.

Njia ya kuandaa kahawa nayo huamua bei. Matunda mekundu yanapochumwa na kumenywa siku hiyo hiyo katika mtambo wa kikundi, yakachachushwa, yakaoshwa kwa maji safi na kukaushwa kwenye vichanja, kahawa hupata daraja la juu kuliko ile iliyomenywa nyumbani kwa mashine ya mkono na kuanikwa chini. Waonjaji hutambua tofauti hiyo kwenye kikombe bila kuambiwa. Mjini Mbinga kipo kiwanda cha kukoboa kahawa, hivyo sehemu kubwa ya kazi kati ya shamba na gunia la kusafirisha inaweza kukamilika ndani ya wilaya.

Kinachosikitisha kidogo ni kwamba katika mji unaotoa kahawa ya kiwango hiki, migahawa mingi bado humpa mgeni maji ya moto na kopo la kahawa ya unga iliyosagwa kwingine.

Makaa ya mawe na umeme

Kaskazini mwa wilaya, katika Kijiji cha Ntunduwaro, Kata ya Ruanda, ipo hazina ya makaa ya mawe ya Ngaka. Uchimbaji ulianza mwaka 2011 kupitia kampuni ya ubia ya Tancoal Energy, ambamo Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lilikuwa na hisa asilimia 30. Mahitaji yaliongezeka mwaka 2016 Serikali ilipositisha uagizaji wa makaa kutoka nje ili viwanda vya ndani, hasa vya saruji, vitumie ya nyumbani. Yaliongezeka tena mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga soko la nishati duniani na wanunuzi wa mbali wakatafuta makaa ya Ruvuma kupitia Bandari ya Mtwara.

Kwa wananchi wa Ruanda mgodi umeleta ajira, nyumba za wageni na mapato ya ushuru kwa halmashauri. Umeleta pia vumbi na misururu ya malori inayotoka Kitai kuelekea Songea mchana na usiku. Barabara iliyojengwa kwa matarajio ya magari ya abiria na magunia ya kahawa inabeba sasa mzigo wa aina nyingine, na suala la nani alipie matengenezo yake linazungumzwa katika kila kikao cha bodi ya barabara.

Umeme wa Gridi ya Taifa uliingia Ruvuma mwaka 2018 baada ya kukamilika kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea. Kabla ya hapo Songea na Mbinga zilitegemea majenereta ya dizeli, na mitambo midogo ya maji ilisaidia. Mmojawapo ni wa Tulila katika Mto Ruvuma, unaomilikiwa na masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole. Mafundi wa kuchomelea wa Mbinga wanaokumbuka miaka ya mgao hawahitaji kuelezwa faida ya gridi.

Kuteremka ziwani

Barabara ya lami kutoka Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, ilijengwa katika mpango wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani (MCC) wa mwaka 2008 hadi 2013. Kipande kilichobaki, Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, kilijengwa kwa fedha za Serikali na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Rais wa Awamu ya Tano, Dkt. John Magufuli, aliweka jiwe la msingi mwezi Aprili 2019. Kwa waliosafiri zamani katika masika, wakilala njiani huku gari likiwa limezama tope kwenye kona za mlimani, kilomita hizo 66 zilikuwa umbali mrefu kuliko kutoka Songea hadi Njombe. Leo usipa unaovuliwa usiku Mbamba Bay unaweza kuuzwa sokoni Mbinga kabla ya saa nne asubuhi.

Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, ndiyo kitoweo cha kila siku cha pande zote mbili. Huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi na kuanikwa kwenye vichanja au mchangani. Pamoja nao wapo mbasa, samaki mkubwa anayepanda mitoni kuzaliana, na vituwi, jina linalobeba aina nyingi za samaki wadogo wa miambani. Ziwa hili lenye kina cha takribani mita 700 lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani, na wengi wao hawapatikani popote nje yake. Wale wa rangi za bluu na manjano husafirishwa kuwa samaki wa mapambo. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini huchafua ziwa, mitumbwi hubaki ufukweni kwa siku kadhaa mfululizo, na bei ya usipa Mbinga hupanda.

Kusini mwa Lituhi upo mji wa Liuli, ambao Wajerumani waliuita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa la Pomonda lililochomoza majini, wakilifananisha na sanamu maarufu ya Misri. Hapo, mwezi Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, ambaye kabla ya hapo alikuwa rafiki wa mwenzake Mwingereza, hakuwa amepata habari kuwa vita vimeanza. Tukio hilo huhesabiwa miongoni mwa mapambano ya kwanza ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mabaki ya kumbukumbu zake yangeweza kuvutia watalii wengi kuliko ilivyo sasa, sambamba na Kisiwa cha Lundo na Pori la Akiba la Liparamba lililo mpakani na Msumbiji. Ngoma za mganda na kioda, ambazo hutawala sherehe za ufukweni, nazo zina asili inayohusishwa na gwaride za askari wa zama hizo. Lituhi ndiko alikotoka Kapteni John Komba, mwimbaji na mbunge, aliyefariki dunia Februari 2015.

Bandari za ziwani zinasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA). Meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000, zilijengwa katika Bandari ya Itungi wilayani Kyela na kushushwa majini mwaka 2017, na MV Mbeya II, inayobeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilianza safari Januari 2021. Kufikia mwaka 2024 ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay ulikuwa umeanza. Bandari hiyo inatazamana na Nkhata Bay ya Malawi, nayo ndiyo ncha ya magharibi ya Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara, ambao Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilitia saini makubaliano yake Desemba 2004. Katika mpango huo imo pia reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay yenye matawi ya kwenda Liganga na Mchuchuma. Bandari ya Ndumbi, iliyo kaskazini zaidi, inalenga makaa ya mawe ya Ngaka, ambayo yakipita ziwani yatapunguza malori barabarani.

Kwa Mji wa Mbinga, ulio katikati ya njia hiyo, matokeo yanaweza kuwa ya namna mbili. Malori ya mbolea, saruji na mafuta yanayokwenda Malawi yanaweza kupita mjini bila kuacha zaidi ya moshi, au yanaweza kukuta maegesho, maghala, karakana na hoteli zilizopangwa mahali panapofaa, na yakirudi yakabeba maharage, mahindi na kahawa. Viwanja vya kandokando ya barabara kuu tayari vinauzwa kwa kasi, baadhi yake vikiwa mashamba ya kahawa yaliyokuwa yakivunwa miaka michache iliyopita. Maofisa ardhi wa halmashauri wana kazi ya kupima na kutenga maeneo kabla ya bandari kuanza kupokea mizigo, na wananchi wanaotaka kuuza shamba wanashauriwa kufika kwanza katika ofisi ya mtendaji wa kata ili kujua mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo husika.

Mabasi ya Songea hupita Mbinga kila siku, na mengine huendelea hadi Mbamba Bay. Kwa anayetaka kuona ngolo zikichimbwa, wakati mzuri ni Machi na Aprili, lakini avae viatu vya kushika udongo. Kwa anayetaka kuona kahawa, afike kuanzia Juni, alete na koti.